Jina Moja kwa Vivuko vya Mwasela

Kaeni vizuri mnisikilize, wakubwa kwa wadogo. Kisa hiki ni cha watu watatu waliofanya kazi moja bila kuonana hata siku moja, na mimi nimeshindwa kukimaliza peke yangu.

Iko ramani kwenye intaneti inaitwa Ramani ya Vijiji. Inachorwa na watu wa kujitolea: huyu anaweka kisima, yule zahanati, mwingine njia ya mkato. Halipwi mtu. Ukichora kitu, jina lako linaandikwa pembeni, basi.

Kipaji cha Nyamizi Lubasha kilikuwa miguuni. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji cha Isenga, na kwa miaka kumi na mmoja alipita nyumba kwa nyumba, ng'ambo zote mbili za Mto Mwasela. Alijua pale ambapo maji hayavuki magoti hata mvua ikinyesha wiki nzima, na pale ambapo yanammeza mtu mzima hata kiangazi.

Kipaji cha Dastan Mwakibete kilikuwa mikononi. Alikuwa fundi cherehani wa Makambako, na mstari aliouchora yeye kwenye ramani haukupinda.

Kipaji cha Bi Rukaiya Shebuge kilikuwa kusoma. Mwalimu mstaafu wa Korogwe, mmoja wa wasimamizi wa ramani, mama anayesoma mpaka yale maandishi madogo ambayo wengine huyaruka.

Sasa, mwezi wa tisa, Nyamizi alifungua simu yake akakuta maneno haya: Akaunti yako imezuiwa kwa kuharibu ramani.

Kilichotokea ni kwamba mtu fulani alifuta majina ya vijiji tisa akaweka matusi. Mtu huyo alitumia intaneti ya ofisi ya kata, ambayo kata nzima inaitumia, na Nyamizi naye mara nyingi alipakia kazi yake hapohapo. Msimamizi mmoja akaona wanatokea mlango mmoja, akawafungia wote wawili. Hakuuliza. Alichoachiwa Nyamizi ni ukurasa wake wa mazungumzo, wa kujitetea. Akajitetea. Akajibiwa mstari mmoja: "Waharibifu wote huanza hivyohivyo."

Nyamizi aliusoma mstari ule mara nne. Yeye, aliyevuka Mwasela na sanduku la chanjo kichwani, leo ni mharibifu. Alitaka kuitupa simu. Badala yake alianza kuandika. Kila siku aliandika kivuko kimoja, mahali pa kuvukia mto bila daraja, kwenye ule ukurasa wake wa kujitetea: "Kivuko cha saba. Toka kwenye mashine ya kusaga, panda na mto hatua mia mbili. Chini ni mwamba mtupu. Gari linapita." Akafikisha vivuko ishirini na vitatu. Hakuna msimamizi aliyemjibu.

Aliyesoma ni Dastan.

"Dada Nyamizi," alimwandikia, "hivi vitu vinaozea hapa. Niruhusu nivichore."

"Sheria inakataza kumchorea aliyezuiwa. Watakufungia na wewe."

"Wakinifungia nitarudi kwenye cherehani yangu. Mvua haisubiri kamati."

Alivichora vyote kwa siku nne, na kwenye kila kimoja aliandika kwa herufi ndogo kwamba maelezo ni ya Nyamizi. Lakini ramani humtambua aliyechora, kwa hiyo jina lililotokea pembeni lilikuwa la Dastan. Siku ya tano alifungiwa. Kamati ya wasimamizi ikaagiza vivuko vyote vifutwe, na kazi ya kuvifuta akapewa Bi Rukaiya.

Bi Rukaiya hakufuta kitu kabla ya kusoma. Akagundua kwamba dakika ileile mharibifu alipokuwa akiweka matusi kutoka ofisi ya kata, Nyamizi alikuwa Isenga, anachora kisima kwa bando la simu yake mwenyewe. Akaiandikia kamati: "Sifuti, na hafuti mtu, mpaka kesi hii isikilizwe." Wenzake wakamwambia yeye ni msimamizi, si wakili. Akawajibu wamvue usimamizi kama wanataka. Siku kumi na moja alikaa katikati ya njia yao.

Hata hivyo hakumfungulia Nyamizi, na hilo lilimchoma Nyamizi kuliko kufungiwa kwenyewe.

"Bi Rukaiya, ushahidi unao tangu Jumatatu. Kwa nini bado niko nje?"

"Mwanangu, nikikufungulia peke yangu watasema nakupendelea, na keshokutwa watakufunga tena. Nataka ukitoka usirudishwe."

Siku ya kumi daraja la Mwasela lilisombwa. Isenga kulikuwa na mama anaitwa Getruda, amejifungua, na damu haikatiki. Nyamizi alikuwa amemshika, akimwita jina asilale. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa mgeni wa upande ule. Alifika kwenye nguzo za daraja tupu, akafungua Ramani ya Vijiji, akakiona kivuko cha saba. Akavuka, maji yakiwa kwenye magurudumu.

Getruda yupo hai, na mtoto wake yupo hai.

Wakiwa wanampakia, dereva aliuliza, "Huyu Dastan aliyechora hapa ni mtu wa kijiji hiki?" Nyamizi alipanda garini, akaubamiza mlango kwa hasira.

Habari zikaenea, kamati ikaona aibu, ikakata shauri. Nyamizi afunguliwe, lakini awe chini ya uangalizi miezi sita. Dastan abaki amefungiwa miezi mitatu zaidi, maana sheria aliivunja kweli. Bi Rukaiya apewe pongezi. Tena, katika jopo linalosikiliza kesi za waliozuiwa kuna kiti kimoja kitupu. Apewe mtu mmoja tu, yule aliyewezesha kivuko cha Mwasela, na Bi Rukaiya apeleke jina kabla ya Ijumaa.

Bi Rukaiya aliwapigia wote wawili kwa pamoja.

"Mnaniweka chini ya uangalizi kwa kosa ambalo mmesema si langu," alisema Nyamizi. "Kivuko kile nimekitafuta kwa miguu hii. Kwenye hicho kiti atakaa nani anayejua inavyouma?"

"Inavyouma naijua, dada," alisema Dastan. "Wewe ulifungiwa kwa makosa yao. Mimi niliingia kifungoni naona, na bado nimo. Ningengoja ruhusa, Getruda angekuwa wapi?"

Bi Rukaiya naye akasema, "Na mimi ningetii siku ya kwanza tu, dereva angefungua ramani akakuta maji matupu. Sijakitaka kiti, lakini msinihesabu kama karani."



Ijumaa ni kesho, wasikilizaji wangu. Yupo aliyekijua kivuko, yupo aliyekichora, yupo aliyekilinda kisifutwe. Ukimtoa mmoja, Getruda hayupo. Karatasi ina nafasi ya jina moja. Haya, kalamu iko mkononi mwako: unaandika la nani, na wale wawili utawaambia nini?