Kindi, Ngiri na Nguo Mbili za Mpira

Wenyeji, mpo?
— Tupo, tupe.
Niwape chungu au niwape tamu?
— Tupe zote, tutachagua wenyewe.

Basi palikuwa na Kindi, mdogo wa mwili, mkia mrefu kuliko yeye mwenyewe. Alichokipenda kuliko karanga ni kulala juu ya ubao baharini, akangoja wimbi, akasimama, akateleza nalo, shwaaa, mpaka mchangani. Wanyama waliacha kazi zao wakamtazama.

Siku moja Ngiri akafika pwani. Akaliona wimbi, akalitamani. Akatoa meno yake yaliyopinda, akasema, "Kuanzia leo wimbi hili ni langu. Anayetaka kuteleza aniletee mihogo."

Wakaleta mihogo. Akala, gugu gugu, akataka mingine. Wakaleta mingine. Akala, gugu gugu, akataka mingine, mpaka mashamba yakabaki matuta matupu.

Kindi akamwendea. "Bwana mkubwa, tushindane. Tuingie baharini pamoja. Ukitangulia kutoka, wimbi si lako tena."

"Na ukitangulia wewe?"

"Nitakulimia mihogo maisha yangu yote."

Ngiri akacheka, akakubali.

Kaa, fundi cherehani wa pwani, akashona nguo mbili za mpira, za kuteleza nazo majini: moja nene kama godoro, moja nyembamba kama jani la mgomba. Mpira wenyewe ulivutika. Yeyote angevaa yoyote, ingemkaa.

Alfajiri Kindi akateremka peke yake, akachovya mkia majini, chubwi. Maji yalikuwa vuguvugu kama uji wa mtoto. Akaukausha mkia, akarudi kwa Ngiri amejikunyata, tetetete.

"Bwana mkubwa, bahari leo ni baridi. Mimi mnyonge, niachie ile nene."

"Mimi ndiye mkubwa, nachagua mimi," akasema Ngiri, akainyakua nene.

Wakaingia. Jua likapanda. Ndani ya ile nguo Ngiri akaanza kuiva kama kiazi, jasho likamjaa mpaka kwenye kwato. Akatoka mbio, ulimi nje. Kindi alikuwa bado anateleza, shwaaa.

"Mara moja si kushindwa," Ngiri akasema akihema, na meno yale akamwonyesha. "Tutarudia nikitaka mimi."

Kindi aliogopa, lakini akaitikia, "Haya, bwana."

Miezi ikapita, upepo ukageuka, mvua zikanyesha. Ngiri akamwita. Alfajiri Kindi akachovya mkia, chubwi, akauchomoa upesi. Maji yaliuma mpaka mfupani. Akarudi akijipepea kwa jani.

"Bwana mkubwa, bahari leo inachemka. Mimi mnyonge, niachie ile nyembamba."

Ngiri akamkazia macho. Kindi akazidi kujipepea.

"Siku ile nilivaa nene nikaungua," Ngiri akasema. "Leo unataka niungue tena. Mimi ndiye mkubwa, nachagua mimi." Akainyakua nyembamba.

Wakaingia. Wimbi la kwanza, Ngiri akajikunja. La pili, meno yakagongana, tetetete. La tatu halikumkuta. Alikuwa amejifukia mchangani mpaka shingoni.

"Kindi, toka na wewe," akasema kwa sauti ndogo.

"Bado kidogo, bwana. Huku kuna joto zuri."

Wanyama wakaona, na Ngiri akaona kwamba wameona. Akajikung'uta mchanga, akashika njia ya bara bila kuaga. Siku hiyo Kaa alishona nguo nene mpaka uzi ukamwishia, maana kila mmoja alitaka kuteleza. "Nimeshona miaka mingi," akasema Kindi alipomsimulia, "lakini mkia wenye akili kama ule sijapata kuuona."

Ngano imekwisha. Aliyesinzia akaiombe kwa mwenzake.

Nanyi mkifika baharini, msijisumbue kuchovya hata kidole. Muulizeni aliye karibu, na akisema maji ni baridi, mwaminini, hasa kama anatetemeka vizuri.