Nyumba ya Sita

Sultani Fadhili bin Ghanimu alitawala mji wa Darizumani, na katika raia zake alikuwamo mwanahesabu Mahfudhi, aliyefiwa na mkewe akabaki na binti mmoja tu, Zaina, mboni ya jicho lake. Jini Barhuti akamwona Zaina akianika nguo, akampenda, akamnyakua.

Mahfudhi akaenda kwa Sultani akilia, na Sultani akavaa pete iliyotiisha majini, na Barhuti akahudhuria na Zaina ubavuni, akainama.

"Amri yako i juu ya kichwa changu, ewe Sultani wa zama. Ila sheria yetu ni baba kuulizwa swali: akilipata, namrudisha, akilikosa, binti ni mke wangu. Namba moja, mbili na tatu zijengewe nyumba, kila namna ya kuchagua nani akae na nani asikae iwe na nyumba yake. Wakiwamo wawili wowote, mkubwa akitolewa mdogo, kinachosalia nacho kiwe mwenyeji humo. Zinazotimiza ni nyumba ngapi?"

Mahfudhi akashusha pumzi, kwani hesabu hiyo kwake ilikuwa kama kunywa maji.

"Moja peke yake, mbili peke yake, tatu peke yake, zinafaa: mpweke hana wa kutolewa kwake. Moja na mbili inafaa, salio ni moja. Moja na tatu haifai, mbili yuko nje. Mbili na tatu haifai, moja yuko nje. Zote tatu pamoja inafaa. Nyumba tano."

"Ni sita, baba," akasema jini kwa upole. "Umeiacha nyumba tupu. Isiyo na mtu, nani ataivunja sheria yake?"

"Nyumba ni watu," akasema Mahfudhi. Akamtazama Sultani, na Sultani akainamisha kichwa, maana jini alikuwa amesema kweli, na pete haishindi haki.

Zaina akambusu baba yake mkono, machozi yakimtiririka.

"Usijilaumu, baba. Ungeihesabuje, nawe hujapata kukaa humo?"

Basi Zaina akaolewa ujinini kwa ngoma na buhuri, na mahari yakaletwa, dhahabu na lulu na hariri, yakajaa nyumbani kwa Mahfudhi mpaka darini. Watu wakamwita tajiri. Jamani, tajiri gani huyo? Nanyi mnaosikiliza, mali haimwitikii mtu.

Na kila arudipo kutoka sokoni, Mahfudhi hupiga hodi mlangoni kwake mwenyewe, akasimama, akangoja kukaribishwa.