Mgeni wa Ukungu na Kopo la Mtoto

Hapo zamani, zamani ya mbali hata vumbi lake limeshatua, palikuwa na kijiji mlimani kikiitwa Shungi. Kila mwaka ukungu mzito ulishuka pale, na ukishuka watu wote hulala. Sisemi kusinzia, nasema kulala! Mlaji hulala na tonge mkononi, wagomvi hulala ugomvi haujaisha, na hawaamki mpaka ukungu uondoke. Usingizi huo haukuwagusa wanyama wala watoto wachanga.

Sasa nani atakamua mbuzi? Nani atachochea moto? Ndipo alipokuja Mgeni wa Ukungu. Sura hana, ana mikono, masikio na sauti tu. Ni hodari, mpole, na hasahau neno. Lakini mambo ya nyumba za watu hayajui. Basi kabla ya usingizi, kila chombo kilitambulishwa kwake, jina lake na kazi yake. Ukishalala umelala, hana tena wa kumuuliza.

Mtambulishaji alikuwa Bi Mkasi, mwanamke mwenye sauti tamu na maneno machache.

Mwaka mmoja, Mwanakheri alikuwa na mtoto mchanga, wa kwanza. Bi Mkasi akashika kikombe, akamwambia Mgeni, "Hiki ni kikombe cha mtoto. Akilia, kijaze maziwa." Basi. Hakuongeza neno, maana nani asiyejua kazi ya kikombe?

Ukungu ukashuka. Mtoto akalia, Mgeni akajaza. Mtoto akalia tena, Mgeni akajaza tena. Maziwa yakafurika, yakapita chini ya mlango, yakashuka njiani taratibu, meupe ndani ya weupe. Watu walipoamka walimkuta Mgeni bado ameinama, anasubiri kilio ili ajaze. Kilio hakikuja.

Mwanakheri akamzika mwanawe.

Mwanakheri akazaa tena, mtoto wa kike, na ukungu ulikuwa umeshafika kisimani. Akawashika watu mikono. "Jamani, huyu msinipotezee. Nawaomba, huyu msinipotezee."

Akaja Vuai, mfua bati. Akatengeneza kopo lenye mdomo mwembamba, ili mtoto anyonye kidogo kidogo asipaliwe.

Akaja Bi Mkasi, ambaye tangu siku ile maziwa hakuyagusa tena.

Akaja na Hamdu, mtu wa mzaha, kabeba boga amelifunga kanga. "Bi Mkasi, leo mimi ndiye Mgeni. Sijui kitu. Na huyu boga ndiye mtoto. Haya, niambie."

"Kopo hili ni la kumlisha mtoto."

Hamdu akalipokea, akaketi.

"Mbona humlishi?"

"Sijaambiwa lini."

"Akilia!"

Hamdu akalimwagia boga maziwa tumboni.

"Kinywani, we mwehu!"

Akalilaza chali, akamimina.

"Atapaliwa huyo! Mwinue kichwa!"

Akaliinua kichwa, akamimina, akamimina, hakuacha.

"Akigeuza uso ameshiba, acha!" Bi Mkasi alikuwa analia kwa hasira, watu wanacheka. Lakini kila lililopungua alilisema upya, na Hamdu akalitenda upya, mpaka Hamdu mwenyewe akakosa pa kukosea. Ndipo Bi Mkasi akamnong'oneza Mgeni maneno yote, na Shungi nzima ikalala.

Mtoto akalia. Mgeni akamwinua kichwa, akamlisha, mtoto akageuza uso, Mgeni akaacha. Wakaenda hivyo ndani ya weupe ule, usiojulikana asubuhi wala jioni, watu wakipumua pamoja kama nyumba moja.

Kisha utando wa maziwa ukaziba mdomo wa kopo. Mtoto akalia, maziwa hayatoki. Hilo Vuai hakulitazamia, Bi Mkasi hakulisema, Hamdu hakulijaribu. Mgeni akasimama, akavipitia moyoni vyombo vyote alivyotambulishwa. Akafika kwenye mwiba wa nungunungu. Wa nini ule? "Huzibua tundu la filimbi likiziba." Hivyo ndivyo Bi Mkasi alivyousema. Akauchukua, akazibua kopo. Mtoto akanyonya.

Ukungu ulipopungua Mwanakheri aliamka, akamkuta mwanawe mzima, ananuka maziwa. Alicheka, alilia, hakujua aanze na lipi.

Sasa, desturi ya Shungi ni hii: aliyemwokoa mtoto wakati wa ukungu ndiye humpa jina, na huwa mzazi wake wa pili. Jina ni moja, mtoaji ni mmoja, na litolewe kabla jua halijafika kizingitini.

Vuai akasema, "Maneno hayalishi mtu. Bila kopo langu, mngemnong'oneza Mgeni nini?"

Bi Mkasi akasema, "Kopo lisiloelezwa ni bati tu. Mimi ndiye niliyelieleza. Hata mwiba niliueleza mimi."

Hamdu akasema, na safari hii hakucheka, "Mwaka ule pia ulieleza, Bi Mkasi. Mwaka huu maneno yalipita kwangu kwanza."

Bi Mkasi akainama.

Mwanakheri akamgeukia Mgeni, ambaye mikono yake ilishaanza kuyeyuka. "Na wewe je?"

Mgeni akasema, "Mimi niliambiwa, nikatenda. Ila mwiba kwa kopo sikuambiwa. Nilimsikia analia. Na yule wa kwanza nilimsikia."

Mwanakheri akabaki mlangoni na mtoto kifuani, akiwatazama mmoja mmoja, jua linapanda.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, nijibuni. Na asiniambie mtu "wote wanne", hilo ni jibu la anayetaka kwenda zake. Mfua kopo, msema maneno, mjaribu maneno, au msikia kilio: je, nani alistahili kumpa yule mtoto jina?