Matundu ya Visiki vya Mikulo

Tulipopita njia ya msituni mliniuliza kwa nini visiki vya mikulo ni virefu kuliko mtu, na kwa nini kila kimoja kina matundu mawili. Sogeeni niwaeleze.

Hapo kale msitu huu haukuwa na visiki. Wakata miti walichimba mizizi yote, mti ukaanguka mzima, kisha wakafukia shimo. Aliyeacha kisiki aliitwa mvivu. Lakini kila masika udongo wa mlimani ulishuka, ukafunika migomba, na mara nyingine nyumba.

Fundi mmoja aliitwa Hoza. Wazee walimtuma akate mkulo mkubwa uliokuwa juu ya nyumba ya Mboza, mama mkwe wake, wapate mbao za daraja. Mboza alikuwa mjane, na hakuwa na nyumba nyingine. Alimsemesha Hoza akiwa nyuma ya mlango, maana mtu na mama mkwe wake hawakutazamana.

"Baba, ukiung'oa huo, mlima utanikuta kitandani."

"Mama, nimetumwa. Nikikataa, watamleta mwingine."

Hoza alipanda na jembe na shoka, akasimama. Kuchimba mizizi kulitaka ainame, na mlango wa Mboza ulikuwa pale chini. Akigeukia mlimani, anainama huku amempa mama mkwe mgongo, nayo ni aibu. Akigeukia bondeni, anamtazama usoni. Jua lilipanda naye hajachimba hata mzizi mmoja.

Mwishowe alitoboa matundu mawili kwenye shina, juu ya kichwa chake. Akachomeka magogo mafupi, akalaza ubao juu yake, akapanda. Akaanza kukata akiwa amesimama wima, macho kwenye shina tu.

Mwenzake Kaniki alicheka mpaka akakaa chini. "Hoza! Unakata mti au unarina asali?"

"Njoo uiname wewe, kama huyu angekuwa mkweo!"

Kaniki hakuja.

Mkulo ulianguka pembeni, kisiki kikabaki. Wazee walipokiona walikasirika, wakamwambia Hoza akichimbe mvua zikiisha.

Masika yale mvua ilinyesha siku tatu bila kukatika. Mlima uliteremka huku na huku, ukafunika shamba la Kaniki. Juu ya nyumba ya Mboza haukusogea, kwa sababu mizizi ya mkulo ilikuwa bado imeushika. Mboza alifungua mlango, akakuta ua wake uko kama ulivyokuwa.

Wazee walikuja, wakatazama, wakaondoka bila kutaja jembe. Kaniki alibaki nyuma.

"Mwenzangu," alisema polepole, "yale matundu unayatoboa kwa kina gani?"

Mwaka uliofuata machipukizi yalitoka kwenye mizizi, yakakizunguka kisiki pande zote.

Na tangu wakati huo hakuna fundi wa huku anayechimba mzizi wa mkulo. Hutoboa matundu, hupanda juu, hukata akiwa wima, na miti michanga hukua kuzunguka kisiki. Watoto hudhani matundu yale ni ya bundi. Sivyo. Ndipo fundi aliposimama.