Waya Mmoja, Jina Moja

Sogeeni karibu, na aliye jikoni aepue sufuria kwanza. Hadithi ninayo, jibu sina. Jibu nitalidai kwenu, na asiniambie mtu kwamba alikuwa anasinzia.

Chini ya kilima cha Ndoria, pande za Taveta, walikuwako mafundi watatu wa karakana moja. Kazi yao ingewachekesha. Wako watu wazima na akili zao ambao kila mwaka huvaa kaki na kuigiza vile vita vya Wajerumani na Waingereza, wakipanda kilima na bunduki za mbao. Hao hutaka simu za vitani zifanane na za wakati ule, na mafundi wetu ndio waliowatengenezea vifaa vyake. Wakesho alishona mikoba ya ngozi. Mshono wake haukupenyeza maji hata uuzamishe mtoni. Kilei alifua hendeli za kuzungushia kengele, na chuma kilimtii. Mkawasi, mpole huyo, asiyepoteza neno, alitengeneza roli za waya, na waya uliopita mikononi mwake haukukatika.

Sasa, watu wa Ndoria walikuwa na desturi yao. Maigizo yakiisha, mtu mmoja husimama kileleni na simu halisi iliyoachwa na vita, akataja jina la mtu wake aliyepotea asizikwe nyumbani, kama walivyopotea wapagazi wa vita vile. Chini ya kilima Nyanya Mghoi hupokea na kujibu, "Nimemsikia. Amefika." Hapo familia huweka jiwe nyuma ya nyumba na kuanua matanga. Jina ni moja tu kwa mwaka. Ukituma mawili, yote hupotelea njiani. Tena jina hilo halitamkwi mbele ya mtu kabla ya siku yake, litaharibika.

Lakini simu ile ilikufa. Mkoba ulioza, hendeli ikavunjika, waya ukaliwa na kutu, na kwa miaka mingi hakuna aliyeitwa. Kisha ikaja habari mbaya: kilima kimeuzwa, na baada ya maigizo ya mwaka huo kitazungushiwa ua. Asiyeitwa safari hiyo, basi tena.

Habari ile ilimkata Wakesho maini. Mwanawe Mwakio alifukiwa na machimbo ya vito, shimo likazibwa naye akiwa ndani. Tangu siku hiyo mama huyu hakuwahi kukunja mkeka wa matanga. Aliulalia, na akifagia alifagia pembeni yake tu. Aliwaendea wenzake akawaomba waifufue simu. Walikubali papo hapo, hata akalia kwa shukrani, akidhani wamemhurumia. Hakutaja jina, nao hawakuuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu, na ndiyo iliyowaponza.

Siku ikafika, na mvua nayo. Mkawasi alibeba roli mgongoni, akatandaza waya kutoka kwa Nyanya Mghoi hadi kileleni, juu ya mawe na ndani ya miiba. Waigizaji wakaukanyaga kwa mabuti yao. Haukukatika.

Kilei akashika hendeli. Mtambo wa ndani ulikuwa umeganda kwa uzee, ukagoma. Akakaza mkono, chuma kipya kikasukuma cha kale, taratibu, mpaka kengele ikalia huko chini.

Na betri je, zile zilizokaa mkobani? Mvua ilikuwa ya kumwaga, kila kitu kileleni kililowa chapachapa, kofia na mabegi ya wageni pia. Wakesho alifungua mkoba wake akapapasa. Ndani mlikuwa mkavu.

Sauti ya Nyanya Mghoi ikapanda, nyembamba lakini yake. "Halo. Nani anakuja nyumbani?"

Wakesho alinyoosha mkono achukue mkonga wa simu. Akakuta mikono mingine miwili imeushika.

"Mama," Kilei alisema, "nisamehe. Mimi wangu ni baba." Mzee wake alikwenda ulinzi Arabuni, akazikwa mchangani huko na watu wasiomjua. Mama yake yuko kitandani, hali wala hanywi, anangoja kuambiwa mumewe amefika.

Mkawasi alikuwa na pacha. Mafuriko ya mto Lumi yaliwakuta pamoja wakivuka. "Nilimwachia mkono," alisema.

Wakesho aliona uchungu, akasema maneno ambayo mpaka leo anayajutia: bila mkoba wangu mngekuwa mnaongea na maji. Kilei akajibu kwamba bila hendeli kengele isingelia. Mkawasi aliutazama waya tu, ulivyoteremka kilima chote. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi akiamini wenzake wanamsaidia yeye, na sasa walitazamana kwa aibu. Mwigizaji mmoja akashauri wataje yote matatu. Wote watatu wakatikisa vichwa.

Betri zikaanza kuchoka. Sauti ikafifia.

"Halo? Mbona nasikia mvua tu?"

Mikono mitatu, mkonga mmoja, na hakuna anayeachia. Haya, nyinyi mlioketi hapo mmekauka, mngeamua vipi? Semeni upesi. Yule bibi bado ameuweka mkonga wake sikioni.