Mgambo wa Fisi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo fisi walikuwa bado wanaaminiwa kazi, Baraza la Wanyama lilipitisha sheria: wanyama wadogo wote watibiwe bure kwa Tabibu Kobe, na kila mgonjwa apewe bakuli la uji. Wakubwa wakapiga makofi, wakaenda kulala. Mgambo haukupigwa. Nani angejichosha kupuliza baragumu kwa ajili ya panya?

Mlangoni kwa Kobe akawekwa Fisi. Fisi, watoto, alinde uji!

Siku moja akaja Bi Nguchiro, mwanawe mgongoni. Jicho la mtoto lilikuwa limevimba hata halifunguki, na tangu alfajiri lilikuwa likitoa usaha.

"Nimemleta mtoto kwa Tabibu," alisema. "Sheria inasema sisi wadogo tunatibiwa bure."

"Sheria ipi?" Fisi aliuliza, uji umemgandia ndevuni. "Ulisikia mgambo?"

"Sikusikia."

"Jirani yako je?"

"Hakusikia."

"Basi. Likilia la mgambo lina jambo. Halikulia, hakuna jambo. Nenda nyumbani, mama."

Hivyo hivyo alikuwa amewajibu Panya, Kindi na Sungura, nao wakarudi mashimoni wakimshukuru kwa kuwaelimisha. Wajinga ndio waliwao. Lakini siku ya Baraza Bi Nguchiro alikuwa chini ya gogo la wajumbe akiwinda mende, na sheria aliisikia kwa masikio yake mwenyewe. Hasira zilimpanda. Akazimeza, maana aliona shavu la Fisi nalo limevimba.

"Pole na jino, Bwana Mkubwa. Tabibu anasemaje?"

"Anataka mbuzi," Fisi alinung'unika. "Sisi wakubwa hatutibiwi bila mbuzi. Nimempelekea mara tatu, na mara tatu mbuzi hakufika."

Angefikaje, na aliyeshika kamba ni Fisi?

"Aibu hiyo," alisema Bi Nguchiro. "Mwenye cheo kama wewe! Nenda kwa Simba, umwambie sheria ipanuliwe ikufikie na wewe. Tena mgambo upigwe, Kobe asije akasema hakuusikia. Nawe utajwe mwisho. Mkubwa siku zote hutajwa mwisho."

Kichwa cha Fisi kikavimba kuliko shavu. Alikwenda mbio, na Simba akakubali papo hapo, kwa kuwa sasa lilikuwa jambo la wakubwa. Kesho yake Tembo akazunguka mabonde yote na baragumu.

"Puuu! Puuuu! Kuanzia Panya hadi Fisi, wote watatibiwa bure kwa Kobe!"

Lo, mashimo yakatapika! Akatoka Panya na watoto wake kumi na saba, akatoka Kindi na kikohozi cha masika mawili, akatoka Sungura anachechemea. Bi Nguchiro na mwanawe walikuwa wameshafika zamani.

"Rudini!" Fisi alifoka. "Sheria hii mpya ni yangu. Ninyi mmeletwa na nini?"

"Mgambo," Panya alijibu kwa adabu. "Si ulituambia hakuna jambo mpaka huo ulie?"

Kobe akachomoza kichwa mlangoni. "Hawa ni wa sheria ya zamani," alisema. "Miaka yote hii nilidhani hawaugui. Haya, tufuate mgambo ulivyosema. Panya aanze, Fisi amalizie."

Na Kobe, mnamjua, hana haraka. Alimwosha Panya, akawaosha watoto wake kumi na saba, mmoja baada ya mwingine, kisha akamshika mtoto wa Bi Nguchiro, akamkamua usaha na kumtia dawa.

Jua lilipokuwa utosini jicho la mtoto lilifunguka. Kitu cha kwanza alichokiona ni Fisi, mkiani mwa foleni, ameshika shavu, anakitazama chungu cha uji kikikombwa na Kindi.

Haki isiyopigiwa mgambo huliwa na bawabu.