Kopo la Senene

Jeraha la mguuni huoshwa, likafungwa, likapona. Neno likishatoka kinywani halina bandeji. Kokulinda alifundishwa hivyo tangu utotoni kwao Bukoba. Lakini kufundishwa ni kitu kimoja, na kukumbuka wakati wa hofu ni kingine.

Mama huyu mjane alikuwa amepanga chumba cha mgahawa mdogo Nyegezi, karibu na stendi ya mabasi. Ndio ungemlipia bintiye, Eugenia, mwaka wake wa mwisho chuoni. Kilichokosekana kilikuwa kibali cha afya tu. Bwana Machibya, afisa afya, alikuwa amemwagiza atengeneze mfereji wa maji machafu, naye akautengeneza ukatengenezeka.

Asubuhi ya ukaguzi wa pili, jirani yake Mashimba, fundi viatu mwenye maneno mengi kuliko misumari, alimtania:

"Nyie Wahaya mmesoma mpaka mmepitiliza! Mkono mtupu haulambwi, shemeji."

"Mbona kila kitu kiko sawa?"

"Sawa kwako. Kwake je?"

"Mama, achana naye," Eugenia alisihi. "Waache wakague."

Bwana Machibya alifika na mwenzake, Bernadeta. Wakapekua kila kona pasipo kusema neno. Kimya kile kilimtia Kokulinda kiwewe. Alikimbilia stoo, akajikwaa kizingitini, kucha ikang'oka. Hakujali damu. Alirudi akichechemea, mkononi ana kopo la senene, wale panzi watamu wa kukaanga, walioletwa kutoka nyumbani.

"Baba, pokea kitoweo hiki. Kibali kikitoka leo, nitakuongezea na bahasha."

Machibya alirudisha mikono nyuma kana kwamba kopo lingemuunguza.

"Mama, umesema nini? Senene peke yao ningewakataa kwa shukrani, yakaisha. Lakini umeahidi bahasha ili nikupe kibali."

"Si hujapokea, baba? Kosa liko wapi?"

"Kuahidi tayari ni kosa, nipokee nisipokee. Nami nikinyamaza, nitakuwa nimekosa pia." Alimtazama Bernadeta, kisha akashusha pumzi. "Nilikuwa natafuta maneno ya kukupongeza. Mtaa huu hauna mfereji mzuri kama wako."

Eugenia aliufunika uso kwa kanga ya mama yake.

Mahakamani Kokulinda alikiri. Faini ilimeza akiba yote pamoja na kodi ya chumba, mgahawa ukachukuliwa na mpangaji mwingine, na Eugenia akaahirisha masomo. Siku moja Mashimba alimjia, kichwa chini, utani umemkauka.

"Nisamehe, shemeji. Mimi ndiye niliyekuponza."

"Hapana, Mashimba. Ulimi ulikuwa wangu."

Sasa Kokulinda huchoma ndizi barabarani, akiutazama mlango alioupaka rangi kwa mkono wake ukiwaingiza wateja wa mtu mwingine. Kila anapovua kandambili, huiona kucha mpya, imeota nzima, haina hata kovu. Naye hutamani siku ile angeanguka pale pale kizingitini, asifike mbele ya Machibya. Hakika, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.